Kichanja cha Mbavu Nilichokuchorea Wewe

Nyumba ya kona,
Nyuma ya duka la dawa.
Tarehe 8 Septemba.

Mpendwa Dada Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepunguza maumivu na zile ngazi za kwenu huzipandi tena kwa kujivuta. Shemeji yangu hajambo? Wanao je? Yule kitinda mimba ameshaacha kulia akionyeshwa mkasi wa kinyozi, au bado mnamnyoa akiwa amelala?

Huku kwetu tunaendelea. Mvua zilinyesha vizuri mwezi uliopita, na paa la jikoni safari hii halikuvuja hata tone. Paka wako, yule uliyeniachia kwa wiki mbili miaka sita iliyopita, yuko salama na amenenepa kupita kiasi. Chakula hakinipigi chenga. Usingizi ndio unanipiga chenga kidogo, na sababu yake utaisoma hapa chini.

Nimekuuliza hali zote hizo kwa sababu nataka kuzijua kweli. Nakwambia mapema ili ukifika katikati ya barua usidhani kwamba salamu za juu zilikuwa za kukulainisha. Goti lako linanihusu, hata leo.

Sasa nianze. Sijui mdogo wetu Mkia amekusimulia nini, wala yale uliyosimuliwa yametiwa chumvi kiasi gani. Kwa hiyo nitakueleza yote toka mwanzo, hata yale unayoyajua, ili siku nyingine usije ukasema hukuelewa.

Unajua kazi yangu ya Jumamosi. Kwa miaka minne nimekuwa nikiivisha mbavu kwa moshi pale klabu ya tenisi. Pipa langu ni moja, limelazwa na kupasuliwa likawekewa bawaba, nalo linakaa chini ya banda la bati, kati ya jiko na kamba za kuanikia vitambaa vya meza. Pipa la pili meneja hataki hata kulisikia, maana moshi wa hilo moja tu unatosha kuvifanya vitambaa vyake vinuke kuni wiki nzima. Naingia saa kumi na mbili asubuhi, nawasha mkaa upande mmoja, naweka sufuria ya maji upande wa pili chini ya nyama, nafunika, nasubiri. Watu wakimaliza michezo yao mchana, mbavu ziko tayari na mfupa unachomoka wenyewe.

Kipande kizima cha mbavu, mifupa ikiwa bado imeshikana, mimi hukiita mkeka, kwa jinsi ninavyokitandaza. Wavu wangu ulikuwa unaenea mikeka minne. Ukiulazimisha wa tano unaukalia mwenzake, na pale ilipogusana moshi hauingii na nyama haiivi. Mwanzoni mwa mwaka meneja akaanza kununa. Wageni wameongezeka, mikeka ni ileile minne, watu wanaondoka wamekula viazi vitupu. Akaniambia bila kuficha kwamba nisipopata njia ya kuivisha nyingi zaidi katika pipa hilohilo, atatafuta mtu mwingine.

Jibu lilinijia nikiwa naosha vyombo. Nilitazama kichanja cha vyombo, nikaona sahani zangu zimesimama wima moja baada ya nyingine, na kati ya sahani na sahani pana nafasi ya hewa. Sahani nane mahali ambapo zingelazwa zingeenea mbili! Niliacha bomba linatiririka nikatoka mbio na kichanja mkononi, kinadondosha maji njia nzima, mpaka kwa Fundi Cheche. Huyo humjui, alihamia mtaa huu wewe ukiwa umeshaondoka. Ni mchomeleaji, ana karakana yenye geti la bluu, na mashati yake yote yana matundu ya cheche kifuani.

Fundi Cheche alinicheka kwanza, kisha akaacha kucheka na kuanza kuchagua nondo nyembamba. Futi ya kupimia hana. Anasema futi ni ya watu wasiojiamini, lakini mkewe anasema aliipoteza. Akaniambia, "Weka vidole hapo, Mama Mbavu." Nikaweka vidole viwili, cha shahada na cha kati, kati ya chuma na chuma. Akavitazama akasema, "Vidole vyako vimeshiba. Hapo nyama itakaa na hewa itapita." Tukapima hivyo hivyo, chuma baada ya chuma, mpaka zikapatikana nafasi nane. Pembeni akanichomea mishikio miwili mikubwa.

Dada, laiti ungeona Jumamosi ile ya kwanza. Mikeka minane imesimama ndani ya pipa, mifupa yote inatazama upande mmoja, sehemu nene zote ziko chini. Mapishi yakifika nusu, nakigeuza kichanja kizima, cha mbele kinakwenda nyuma, basi, nafunika tena. Sigeuzi mkeka mmoja mmoja. Moshi unapita pande zote mbili. Meneja alikuja, akainua kifuniko mwenyewe, akahesabu kwa kidole, akaondoka anapiga mluzi.

Na kichanja kilinisaidia jambo jingine, ambalo katika dunia hii nilimwambia mtu mmoja tu. Mtu huyo ni wewe.

Tangu mwaka jana mkono wangu wa kulia unakufa ganzi. Vidole vinawaka moto, halafu ghafla ni kama havipo. Koleo linaniponyoka. Mara mbili niliangusha mkeka kwenye majivu, na mara zote mbili nilikuwa peke yangu, namshukuru Mungu. Daktari alisema ni mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono na kwamba dawa yake ni kupasuliwa. Kichanja kikaja kikaniondolea kazi ya koleo kabisa. Mishikio ile miwili naishika kwa mikono yote miwili, mzima ukiusaidia mgonjwa. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilirudi nyumbani Jumamosi bila kuuficha mkono ndani ya kanga.

Mwezi wa tano ukaniandikia. Ulisema na nyie mnataka kuivisha mbavu uani kwenu, shemeji amepata pipa zuri, na mmesikia habari za kichanja changu, hivyo nikuchoree. Jamani, nilivyofurahi! Toka lini wewe uliniomba kitu? Siku zote mimi ndiye wa kuomba, mimi ndiye niliyevaa magauni yako na kusomea vitabu vyako, na leo Dada Mkubwa ana shida na kitu changu. Nilikichora mara tatu. Nilipiga mistari kwa rula kwenye karatasi ya miraba, nikaonyesha mishikio inakaa wapi, nikaandika kwamba mifupa itazame upande mmoja. Kuhusu nafasi nikaandika hivi: kati ya chuma na chuma vidole viwili, endelea hivyo mpaka upana wa pipa uishe. Idadi sikuitaja kwa sababu pipa la shemeji sikulijua ukubwa wake.

Upande wa nyuma wa karatasi ile ndipo nilipokuandikia habari za mkono. Nadhani unakumbuka. Nilikwambia ninavyokiogopa kisu. Nilikwambia Mkia hajui, wifi yetu mkewe hajui, na meneja akijua nimemwaga unga, maana hatangoja kuona kwamba kwa kichanja kazi inakwenda. Na chini kabisa nikakuuliza swali moja: siku nikipasuliwa, utaweza kuja ukakaa nami hata wiki moja?

Majibu yako yalikuja upesi, siyo kawaida yako. Ulinishukuru kwa mchoro. Ulisema shemeji amefurahi kupita kiasi. Ulinieleza mapazia mapya, rangi yake na jinsi yanavyoingiza mwanga. Mkono hukuutaja. Nikajiambia, pengine hakugeuza karatasi. Nilikutetea, dada. Nilikutetea moyoni mwangu kabla hata ya kukushtaki.

Jumamosi saba nilipika kwa kichanja kile. Ya nane, kabla sijawasha mkaa, meneja aliniita kwenye kile kichumba cha taulo anachokiita ofisi. Hakunikaribisha kiti. Akasema, "Mama, tumesikia mkono wako haufanyi kazi. Pole sana. Mimi siwezi kuwa na mtu atakayejiunguza hapa." Nikamuuliza amesikia kwa nani. "Kwa watu wa nyumbani kwako," akasema, "na usijali, kazi haitoki nje ya familia. Ndugu yako ataendelea. Ana kichanja chake, kinabeba mikeka kumi na mmoja."

Ndugu yangu mwenyewe ni Mkia, mdogo wetu wa kiume, ambaye mimi na wewe tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa anatufuata hata chooni. Tangu kiwanda chao cha kuchapisha kifungwe amekuwa nyumbani, nami kwa huruma nilimchukua Jumamosi tatu nikamfundisha moto. Nilimfundisha kuujua moshi mweupe unaoleta uchungu na ule mwembamba unaofaa. Nilimpa aproni yangu ya akiba.

Niliondoka pale klabu nikilisukuma pipa langu kwenye mkokoteni, na kichanja juu yake. Wafua nguo waliacha kufua wakanitazama. Mmoja akaniuliza kama nahama, nikamwambia ndiyo.

Wiki zile nilijiuliza siri ya mkono imemfikia Mkia kwa njia gani. Wewe sikukufikiria hata kidogo. Nilimfikiria dada wa duka la dawa, huyu jirani yangu anayeniuzia bandeji, kwa sababu ndiye peke yake aliyewahi kuniuliza kulikoni. Nikamnunia. Nikawa nazunguka kona ya mbali ili nisipite mlangoni kwake. Siku moja alinisalimu mara tatu nami nikajifanya nahesabu vigae vya njiani. Masikini ya Mungu, hakuwa amemwambia mtu yeyote. Nimeshamwomba radhi, akanisamehe palepale, jambo lililonitia aibu zaidi.

Sasa nisikilize vizuri. Ijumaa moja mchana, katikati ya mwezi wa nane, Mkia akaja. Alikuwa na kichanja chake nyuma ya baiskeli, kimefungwa kwa mpira. Aliniamkia kwa heshima zote, nikaitikia, nikamwacha amesimama.

"Dada, naomba unisaidie, nimekwama. Mikeka ya pembeni inaiva safi kabisa, ya katikati inatoka mbichi. Jumamosi iliyopita meza mbili wamerudisha sahani. Meneja amenipa Jumamosi moja tu ya kujirekebisha."

Nikamuuliza alitengeneza kwa kipimo gani. Unajua mdogo wako alivyo, mkono wake unatangulia akili. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa shati akatoa karatasi, akaikunjua, akaniwekea mezani. Karatasi ya miraba. Mistari ya rula. Mwandiko wangu.

Na pembeni, kwa wino wa kijani, mwandiko wako.

Nitakunukulia, maana maneno yale siwezi kuyasahau hata nikitaka. "Mkia, soma pande zote mbili. Mkono wake umeshakwisha, anaficha tu. Muwahi meneja kabla hajaleta mtu wa nje, kazi ibaki kwetu. Usimwambie kama nimekutumia mimi."

Soma pande zote mbili! Kumbe karatasi uliigeuza.

Dada, nilihisi roho inanipasuka, na sisemi hivyo kwa kupamba barua. Nilikaa juu ya ndoo, maana kiti kilikuwa mbali. Mkia alipoona macho yangu yamegota kwenye wino wa kijani ndipo akatambua alichokifanya. Akaanza kubabaika. "Dada Mkubwa alisema ni kwa ajili yako. Alisema utaelewa tu baadaye." Nilikuwa nakifikiria kile kipande cha chini, pale nilipokuuliza utakuja, na kwamba wifi yangu amekisoma, labda kwa sauti, labda akiwa anakula.

Nilikwenda kukitazama kichanja chake. Nikaingiza vidole vyangu viwili kati ya chuma na chuma. Vikakwama kwenye viungo vya kwanza. Nikamuuliza nani aliyepima. "Wifi yako," akasema, "mchoro si umeandika vidole viwili?" Basi nikaangua kicheko mpaka yule paka akatoka chini ya meza. Vidole vya wifi unavijua, vyembamba kama penseli mbili. Kwa vidole vyake pipa lao lilienea nafasi kumi na moja, wakashangilia kwamba wamenipita, wakampelekea meneja habari njema. Hawakujua kwamba wameisimamisha nyama ikiwa imebanana mabega kwa mabega, na kule katikati hapana hata upenyo wa moshi. Siri uliwapa, vidole hukuwapa.

Ningeweza kunyamaza. Nakwambia ukweli wangu, nilitaka sana kunyamaza. Jumamosi moja zaidi ya mbavu mbichi, na meneja angekuja mwenyewe hapa nyumba ya kona kunibembeleza. Nilisimama pale nikaiona kabisa sura yake, na nikaipenda.

Lakini wale walaji ni watu wangu. Kuna mwalimu mstaafu anayekuja na wajukuu watatu, na mdogo wao hana meno ya mbele, hula kwa kutafuna pembeni. Nimlishe mtoto yule nyama mbichi kwa mkono wa Mkia ili mimi nirudi chini ya banda? Nilimwambia Mkia aache nafasi moja wazi kila baada ya mkeka mmoja. Alihesabu kwa vidole. Ni mikeka sita. Akaniuliza kama hakuna njia nyingine, nikamwambia ipo, akamlete wifi yangu avimbe vidole.

Nikamwomba ile karatasi. Niliomba, dada, sikuinyakua. Nilimwambia kichanja abaki nacho, klabu abaki nayo, anirudishie karatasi yangu tu. Akaikunja, akairudisha kwenye mfuko wa shati. Akasema, "Hii ni ya Dada Mkubwa. Ngoja nimuulize kwanza." Kisha akafunga kichanja chake kwenye baiskeli akaondoka.

Jumamosi ile mbavu ziliiva, nimesikia. Meneja ameridhika, kwa sababu baada ya kurudishiwa sahani, mikeka sita iliyoiva ameiona ni neema. Wifi anawaeleza watu kwamba sita ndicho kipimo cha kitaalamu na kwamba yeye aligundua mwenyewe. Mkia hakurudi kunishukuru. Kwa hiyo hali ilivyo ni hii: kichanja cha mikeka kumi na mmoja kinabeba sita, nami niliyekuwa nabeba minane nimekaa nyumbani, na kichanja changu kimeegemea ukuta wa jikoni.

Najua utakachosema. Nimekuwa mdogo wako miaka arobaini na mbili, sauti yako ninayo kichwani. Utasema ulitaka kuiokoa kazi isiende kwa mgeni. Utasema Mkia ana watoto na alikuwa amekaa bure. Utasema mimi ni mkaidi na nisingekubali kupumzika hata ningeombwa kwa magoti. La mwisho ni kweli. Lakini hukuniomba. Ulikuwa na anwani yangu, ulikuwa na namba yangu ya simu, ulikuwa na barua yangu mkononi ikiwa na swali ndani yake, na ukachagua kumwandikia Mkia.

Na mkono wangu haujaisha. Jumamosi saba, kila moja mikeka minane, na hakuna hata mmoja ulioanguka. Ungeniuliza, ningekwambia. Ungekuja, ungeona.

Hata kama ungeniambia, "Mdogo wangu, mpe Mkia nafasi," ningelia siku mbili, ningekununia wiki, halafu ningempa. Ningempimia hata vidole. Ndivyo tulivyolelewa, na wewe unalijua hilo kuliko mtu yeyote. Ndiyo maana sielewi kwa nini ilibidi nizungukwe kama adui. Nimeligeuza jambo hili pande zote na bado silielewi, na sitakudanganya kwamba nimekusamehe. Najaribu. Asubuhi naweza, jioni nashindwa.

Ombi langu kwako ni moja. Mwambie Mkia anirudishie ile karatasi. Yeye anasema ni yako, basi wewe ndiwe wa kumwamuru. Mchoro kama mnautaka unakilini kwenye karatasi nyingine, mkae nao. Nyuma yake kuna mambo niliyomwambia dada yangu, na sipendi yakae katika mfuko wa shati linalopelekwa kazini.

Swali langu la ile barua usihangaike nalo tena. Nimepata mtu wa kukaa nami.

Fundi Cheche alisikia kwamba nimetoka klabu, akaja na mkewe wakakaa hapa mchana mzima. Nikamweleza habari za mkono, nikidhani namfungulia siri. Akasema anajua. Anajua tangu siku ile ya kupima, aliviona vidole vyangu vinatetemeka juu ya nondo, na ndiyo sababu alichoma mishikio mikubwa vile bila mimi kumwagiza. Miezi yote hiyo alikaa na siri yangu na wala sikuwa nimemwomba aitunze.

Napasuliwa tarehe kumi na saba mwezi huu. Jana nilikwenda hospitali kujaza fomu. Pana mstari umeandikwa "ndugu wa karibu", na miaka yote nimekuwa naujaza jina lako bila kufikiri, hata huko mbali uliko. Jana niliitazama kalamu muda mrefu. Kisha nikaandika jina la Fundi Cheche, lile la kwenye kitambulisho, ambalo ilibidi nimpigie simu kumuuliza. Karani alilisoma akaniuliza, "Huyu ni nani wako?" Nikamwambia ni mchomeleaji. Akasema hapo panatakiwa ndugu. Nikamwambia aache hivyo hivyo.

Msalimie sana shemeji, na kama kweli ana pipa mwambie kipimo ni vidole vyangu, si vyake. Wasalimie wanao wote, kitinda mimba umbusu pande zote mbili za uso. Dada wa duka la dawa anakusalimu, ingawa hakujui. Mungu akulinde, alitulize goti lako, na akuepushe na siku ya kusoma mwandiko wa mtu unayempenda mahali usipotarajia kuukuta.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado anakupenda, na hajui aupeleke wapi upendo huo.